Vunjajungu wa kufuga Tabora: wa barazani, jani kavu, au yule wa kwenye picha?

Ukitafuta vunjajungu wa kufuga kwenye simu, wa kwanza kukujia ni yule mweupe mwenye waridi anayefanana na ua la okidi. Wa pili ni lile jitu lililoinua mikono, kifua kipana, rangi nyekundu, bluu na nyeupe zikiwaka. Yule wa kijani aliyeng'ang'ania ukuta wa baraza lako tangu jana jioni hatokei, na akitokea ameandikiwa kwamba ni wa wanaoanza. Mimi nawapanga kinyume. Kwa mtu wa Isevya, Ng'ambo au Ipuli, na hata kwa jirani yetu wa Kigoma, sura ni jambo la mwisho kuangalia. La kwanza ni mlo: utampatia nini, kila baada ya siku mbili, bila kuhangaika, hadi Septemba ambapo kila jani limekauka? La pili ni baridi ya usiku wa Juni na Julai. Ukishayajibu hayo, wengi wa wale wa kwenye picha wanajiondoa wenyewe.

Kijani mkubwa na jani kavu

Ushindani wa kweli uko hapa, kati ya hawa wawili. Hao wengine nitawapitia, ila sitakaa sana kwao.

Kijani mkubwa ni wa jenasi ya Sphodromantis. Jike mzima hufika sentimita 7 au 8, tumbo nene, na kila bawa la mbele lina doa dogo jeupe au la manjano karibu na ukingo. Doa hilo ndilo alama ya kumtambulia, maana wapo wa rangi ya udongo pia na watu huwadhani ni aina nyingine. Mvua za kwanza za Novemba zikishanyesha, kaa chini ya taa ya nje: kumbikumbi wanamwagika, nondo wanajigonga kwenye balbu, na yeye kashapanda ukutani kimya anajichagulia. Huyu hanunuliwi. Unaweka kopo, unamsukuma taratibu kwa kijiti kutoka nyuma, anapanda mwenyewe.

Jani kavu ni Phyllocrania paradoxa. Ni mdogo, sentimita 5 hivi, na kichwani ana kishungi kilichopinda. Miguu na kifua vimechanika kingo kama jani la mwaka jana. Rangi yake huenda kutoka kahawia hadi kijani, ikifuata mwanga na unyevu aliokulia. Anapatikana Afrika kusini mwa Sahara hadi Madagaska, kwa hiyo si mgeni kwetu. Shida ni kumwona. Akitulia kwenye kijiti utampita ukiwa unamtafuta yeye huyohuyo.

Kwa mlo, kijani mkubwa anashinda bila ubishi. Hachagui. Panzi, mende, nyenje, nzi, nondo, senene, vyote anakula, na anaweza kumkamata mdudu anayekaribia ukubwa wake mwenyewe. Jani kavu ni mwoga. Ukimtupia panzi mkubwa anayerukaruka, anayekimbia ni yeye, na anaweza kukaa na njaa wakati chakula kinatembea mbele yake. Anataka nzi na nondo wadogo, vitu vinavyopaa au kupita juu juu. Nzi hawakosekani, lakini kuwakamata wakiwa hai kila siku ya pili ni kazi, na lazima uikubali kazi hiyo kabla ya kumleta nyumbani.

Kwa tabia, mambo yanageuka. Weka tunutu wawili (watoto ambao bado hawana mabawa) wa kijani mkubwa kwenye chombo kimoja, baada ya siku chache utakuwa na mmoja aliyenenepa. Jike humla dume, wakati mwingine kabla kazi haijaisha. Kila mmoja anahitaji chombo chake, basi. Jani kavu wanaweza kukaa kadhaa pamoja mradi wawe wa ukubwa mmoja na wasikose chakula. Mwenye chumba kimoja cha kupanga, mwenye nafasi ya chombo kimoja tu juu ya kabati, na anayetaka kuona zaidi ya mdudu mmoja, hapo jani kavu anafaa kuliko kijani.

Kwa watoto, mimi nachagua kijani mkubwa bila kufikiri mara mbili. Anaonekana, anawinda mbele ya macho yako, hana sumu, na akikubana kwa mikono yake yenye miiba utashtuka zaidi ya kuumia. Kile kidoa cheusi jichoni mwake kinachokufuata kila unakohamia si mboni. Ni sehemu ya jicho inayomeza mwanga kutoka upande uliosimama wewe. Usiku jicho lote linakuwa jeusi. Na kama kuna anayekwambia mdudu wa barazani hana hadhi, mwambie kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walipotaka kujua kama vunjajungu huona umbali kwa macho mawili kama sisi, walimchukua wa jenasi hiihii ya Sphodromantis, wakambandika vimiwani kwa nta ya nyuki, wakamwonyesha sinema ya wadudu. Matokeo waliyachapisha 2016: anaona, na alipiga kwa mkono mdudu wa kwenye skrini aliyedhani yuko karibu. Nta ya nyuki, watu wa Tabora.

Ipo nyumba utakatazwa kumwingiza ndani, kwamba utavunja vyungu. Hilo sina dawa yake. Zungumza na bibi.

Ua la miiba

Pseudocreobotra wahlbergii ni wetu pia, wa mashariki na kusini mwa Afrika. Jike hufika sentimita 4 hivi. Juu ya kila bawa la mbele ana duara kama jicho, mstari mweusi umezungushwa ndani ya njano na kijani, na akitishwa huyafungua mabawa ukayaona mawili yanakukodolea. Kwa uzuri tu, nadhani anampita hata yule wa okidi. Wadogo wake wana miiba tumboni na huwa weupe, waridi au kijani.

Kwa ufugaji yuko katikati. Anakula nzi na nyuki kwa pupa, hasumbui kwa joto letu la kawaida, ila ni mkali kwa wenzake, kwa hiyo hakai pamoja kama jani kavu. Ukimkuta kwenye maua ya porini na una uhakika wa nzi, mchukue. Ukilazimika kumtafuta, utafute huku ukiwa na kijani mkubwa nyumbani.

Shetani wa maua: Kigoma angalau, Tabora hapana

Lile jitu la rangi zote ni Idolomantis diabolica, na watu wengi hawajui kwamba Tanzania ni mojawapo ya nchi zake za asili, pamoja na Kenya, Uganda, Ethiopia na Malawi. Jike hukaribia sentimita 13. Wafugaji wa Ulaya humnunua kwa bei ya juu, na wanaomaliza naye hadi uzima ni wachache kuliko wanaoanza naye.

Sababu ni tatu, na zote zinatugusa. Anakula vinavyoruka: nzi, nondo, vipepeo. Mende au nyenje anayetambaa chini hamhusu. Kisha miguu yake haishiki plastiki wala kioo, kwa hiyo ndoo au chupa ya kawaida kwake ni mtego. Lazima kuta na dari viwe vya wavu au vijiti vyenye mikwaruzo. La tatu ndilo linaloamua. Mchana anataka nyuzi 30 hadi 35, na usiku asishuke sana chini ya 20, pamoja na unyevu hewani, kwa muda wote wa kukua kwake.

Sasa pima. Mji wa Tabora uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Oktoba joto linamtosha, lakini usiku wa Julai hushuka hadi karibu nyuzi 15, na kuanzia Agosti hewa ni kavu hadi midomo inapasuka. Utahitaji balbu ya kumpasha usiku kucha na umeme usiokatika. Kigoma ni habari nyingine. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 tu, maji yale yanatunza joto usiku, na hewa ya Kibirizi au Ujiji ina unyevu ambao sisi tunautengeneza kwa chupa ya kupulizia. Mtu wa Kigoma mwenye subira anaweza kujaribu. Wa Tabora namshauri amwangalie kwenye simu.

Okidi

Hymenopus coronatus ni wa Asia ya Kusini-Mashariki. Inasemekana hujificha kwenye maua, lakini uhodari wake hasa ni kwamba rangi yake yenyewe huwavuta wadudu wanaofuata maua, hata akiwa amekaa kwenye jani tupu. Jike hufika sentimita 6 au 7, dume hana hata nusu yake, na dume huwahi kuwa mzima miezi kabla ya jike, hivyo wafugaji wengi wanaotaka kuzalisha hubaki na dume aliyekufa kwa uzee na jike ambaye bado ni mwari.

Kumleta huku maana yake ni mdudu hai kuvuka mpaka, na jambo hilo lina vibali vyake. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu haiko pale kwa mapambo. Ukitumiwa kwenye bahasha ya posta bila karatasi, unavunja sheria, na mara nyingi anayefika ni maiti. Sioni sababu.

Chombo: ndoo, chupa au neti

Kipimo ni rahisi: kimo cha chombo kisipungue mara tatu ya urefu wa mdudu, na upana mara mbili. Kwa kijani mkubwa aliye mzima, ndoo ya lita 10 inatosha. Kata tundu kubwa katikati ya mfuniko, weka neti. Kwa tunutu mdogo, chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa juu inamfaa zaidi kuliko ndoo, kwa sababu ndani ya ndoo kubwa hatakiona chakula chake.

Neti ndiyo muhimu kuliko chombo chenyewe, na hapa Tabora na Kigoma kuna jambo ambalo video za wazungu hazitakwambia. Usitumie chandarua cha kulalia. Vyandarua vinavyogawiwa kliniki na mashuleni vina dawa ya kuua wadudu, na dawa hiyo imetengenezwa ivumilie kufuliwa mara nyingi. Hata kile kikuukuu kilichochanika, ambacho umekigeuza uzio wa mchicha, bado si cha kumwekea vunjajungu. Tumia neti ya dirishani isiyo na dawa au kipande cha pazia la shela. Vivyo hivyo, chumba kilichopuliziwa dawa ukoko, au kinachochomewa dawa ya mbu kila usiku, si chumba chake. Kama familia inalala huko na malaria ipo, wanaotangulia ni watu. Yeye ahamie jikoni au stoo.

Kwa nini neti juu? Kwa sababu ya kujivua gamba. Hapa si siasa. Vunjajungu hukua kwa kuacha ngozi yake, mara sita hadi tisa maishani, na majike huzidi madume. Siku kadhaa kabla anakataa kula, anajining'iniza kichwa chini kwenye dari na kutulia. Ndipo ngozi inapasuka nyuma ya kichwa. Kifua kinatoka kwanza, kisha mikono, kisha miguu inachomolewa mmoja mmoja kutoka kwenye ala zake kama mtu anayevua soksi zilizoloa, hadi mwili mzima unaning'inia kwa ncha ya tumbo. Anapumzika hivyo. Halafu anajikunja juu, anaikamata ngozi yake ya zamani kwa miguu mipya, na kukaa hapo akikauka. Ukiwa ni ule wa mwisho, mabawa hutoka yamekunjamana na meupe, yakajinyoosha polepole mbele yako, rangi ikaingia baadaye. Akianguka katikati ya kazi hiyo kwa kuwa dari ni laini, hukauka amepinda na haponi. Na ukiwa umemwachia nyenje ndani, nyenje ndiye atakayemla yeye. Kwa hiyo akigoma kula na tumbo limejaa, toa kila kilicho hai, mnyunyizie maji kidogo pembeni, kaa mbali.

Hapo ndipo tofauti ya wale watano inaonekana tena. Kijani mkubwa hushika hata plastiki yenye vumbi, anasamehe mengi. Jani kavu anataka vijiti. Shetani wa maua hasamehi kitu.

Mlo wa msimu hadi msimu

Novemba hadi Aprili huna shida. Embe zikianza kuanguka chini ya miembe yetu, chukua moja iliyooza, itie kwenye chupa, iache wazi kwa siku moja au mbili, kisha funga mdomo kwa kitambaa. Baada ya wiki mbili hivi utakuwa na vinzi vya matunda vya kulisha tunutu wengi tu. Ndizi mbivu hufanya kazi ileile. Tunutu wakishajivua mara mbili tatu, wapandishe kwenye nzi wa kawaida.

Kuanzia Julai ndipo chaguo lako linapopimwa. Panzi wanapungua, nondo wanapungua. Mwenye kijani mkubwa anafuga mende kwenye ndoo yenye pumba na maganda ya viazi, maisha yanaendelea. Mwenye jani kavu au ua la miiba lazima azalishe nzi: pumba iliyoloweshwa, kopo, siku chache mabuu yanatokea, yakishageuka vifuko vya kahawia unayahamishia ndani ya chombo cha mdudu, nzi wanaangukia mezani kwake. Harufu ipo, na mwenye nyumba ana haki ya kulalamika.

Usichukue panzi kutoka shamba la tumbaku au bustani ya kabichi iliyopigwa dawa. Mkoa huu unalima tumbaku nyingi, na panzi mwenye dawa tumboni anaonekana mzima kabisa. Mende wa nyumba iliyopuliziwa, vivyo hivyo. Nyuki wanalika, ila ukifuga nyuki au jirani yako anafuga, usiachie vunjajungu karibu na mizinga. Atajikalia mlangoni na kula siku nzima.

Tunutu mlishe kila siku au kila siku ya pili. Jike mzima kila siku ya pili au ya tatu inatosha, na ukimzidishia tumbo linavimba hadi akianguka kutoka juu linapasuka. Maji anakunywa matone yaliyoshika ukutani, bakuli halihitajiki. Nyunyiza jioni, Kigoma mara moja baada ya siku kadhaa, Tabora ya Septemba kila siku.

Kifuko, tunutu au mzima

Kifuko cha mayai kinavutia kwa sababu ni bure na kina wengi. Kijani mkubwa anaweza kutoa zaidi ya mia kutoka kifuko kimoja. Je, una vyombo mia? Kisha vifuko vya porini mara nyingine vimeshatobolewa na nyigu wadogo sana, na kinachotoka siku ya kutotoa ni hao nyigu. Sikishauri kwa anayeanza.

Mzima wa barazani ni rahisi, lakini umri wake hauujui. Mwaka mmoja ndio maisha yake yote kwa kawaida, na huenda amebakiza wiki chache. Wa porini anaweza pia kuwa amebeba mnyoo mweusi, mrefu na mwembamba, anayeishi tumboni mwake na kutoka akifika kwenye maji. Hamdhuru mtu, ila vunjajungu huyo hana siku nyingi.

Tunutu wa kati, wa sentimita 3 hivi, ambaye bado hana mabawa, ndiye ninayempendekeza. Utamwona akijivua mara kadhaa, amevuka udogo wa kufa ovyo, na anakula nzi wa kawaida. Watafute kwenye vichaka vya nyumbani na kando ya barabara. Ndani ya hifadhi za taifa, iwe Gombe, Mahale au Mto Ugalla, usitoe hata mmoja. Kusafirisha wanyamapori hai kwenda nje ya nchi nako serikali ilikusimamisha 2016, kwa hiyo akikupigia mtu wa mbali anataka shetani wa maua kwa dola, mkatalie.

Dume au jike? Mwache apande kwenye chupa inayoonyesha, utazame tumbo kwa chini. Jike ana pingili sita zinazoonekana, ya mwisho kubwa; dume ana nane, za mwisho ndogondogo. Jike huishi zaidi na ndiye bora kwa chombo kimoja. Atataga hata bila dume, povu litakauka kwenye neti, na kwa kawaida halitatoa kitu. Isipokuwa kama ulimwokota akiwa mzima: huyo huenda alishapandwa. Basi kifuko chake kikate pamoja na kipande cha neti, kifunge kwenye tawi la mwembe au mpera uani, juu kidogo, pasipopita sisimizi, watoke huko badala ya kutokea sebuleni.